Mpiga Picha na Mpigwa Picha: Leseni, Hakimiliki na Kiswahili katika Ghala la Picha la Wikipedia

Mnamo Desemba 2008 Bundesarchiv, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani yenye makao yake Koblenz, ilitangaza makubaliano yaliyofungua njia ya kuwekwa kwa zaidi ya picha 80,000 katika Wikimedia Commons, ghala la pamoja linalotumiwa na Wikipedia za lugha zote. Sehemu ya shehena hiyo iliihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Humo mlikuwamo picha za Walther Dobbertin (1882–1961), Mjerumani aliyefanya kazi ya kupiga picha katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na wakati wa vita hivyo. Majina ya faili zake yana herufi DOA, kifupisho cha jina la koloni hilo kwa Kijerumani. Askari waliojipanga kwa gwaride, wapagazi, vijiji na majengo ya serikali, yote hayo yakawa mbele ya macho ya mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa bila ya yeye kulazimika kusafiri hadi Ulaya au kuandika barua ya maombi.

Masharti yalikuwa machache. Anayeitumia picha hutakiwa kuitaja hifadhi, namba ya picha, jina la mpiga picha na leseni yenyewe. Na akiigeuza picha hiyo, hutakiwa kuitoa kazi yake mpya kwa leseni ya namna ileile. Halipi kitu, na akitaka kuichapa ndani ya kitabu kinachouzwa, hazuiwi.

Hata hivyo, msomaji anayefungua ukurasa wa mojawapo ya picha hizo atakuta jambo ambalo sheria haikulitazama. Jina la Dobbertin limeandikwa, na lazima liandikwe kila picha inapochapwa upya. Jina la askari aliyesimama mbele ya kamera, mara nyingi, halipo. Maelezo ya Kijerumani humtaja kwa kazi yake au kwa kabila lake tu. Leseni inalinda jina la aliyepiga picha. Aliyepigwa picha hana sharti linalomlinda. Sarufi ya Kiswahili inalionyesha jambo hili waziwazi kuliko lugha nyingi za Ulaya, kwani mtu hapa hupiga au hupigwa, na aliyepigwa ni mtendwa.

Ili kufahamu jinsi hali hiyo ilivyopatikana, inafaa kurudi nyuma hadi kwenye asili ya leseni zenyewe.

Wikipedia ilianza Januari 2001, na toleo lake la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Katika miaka hiyo ya mwanzo maandishi yote yalitolewa chini ya Leseni ya GNU ya Nyaraka Huru, ambayo ilitungwa na watu wa programu huria kwa ajili ya vitabu vya maelekezo ya kompyuta. Kwa kitabu cha kurasa 300 leseni hiyo ilifaa sana. Kwa picha ilikuwa mzigo, kwa kuwa ilimtaka mchapishaji aambatanishe matini kamili ya leseni, ambayo ni kurasa kadhaa za Kiingereza cha kisheria. Mwalimu aliyetaka kuchapa picha moja ya mbuyu kwenye karatasi ya mtihani angelazimika, kwa kufuata sheria sawasawa, kuwagawia wanafunzi wake leseni iliyo ndefu kuliko mtihani.

Ufumbuzi ulitoka nje ya Wikipedia. Shirika la Creative Commons lilianzishwa Marekani mwaka 2001, na Desemba 2002 likatoa leseni zake za kwanza. Leseni hizi ziligawa haki ya mtunzi katika vipande ambavyo mtunzi mwenyewe angeweza kuvichagua: kutajwa jina, kuzuia biashara, kuzuia mabadiliko, kudai kwamba kazi itokanayo itolewe kwa masharti yaleyale. Mwaka 2004 tovuti ya Flickr iliwaruhusu wanachama wake kuzichagua leseni hizo kwa kubonyeza tu. Septemba mwaka huohuo Wikimedia Commons ilifunguliwa, ili picha iliyopakiwa mara moja iweze kuonekana katika Wikipedia ya lugha yoyote bila ya kupakiwa tena. Kufikia mwisho wa 2006 ghala hilo lilikuwa na faili milioni 1, na mwaka 2011 zikafika milioni 10. Leo zimepita milioni 100. Maandishi ya Wikipedia yenyewe yalihamia leseni ya Creative Commons Juni 2009.

Kwa Wikipedia ndogo kama ya Kiswahili, ghala la pamoja lilikuwa baraka kubwa. Mhariri aliyeandika makala fupi juu ya Mto Rufiji hakuhitaji kuwa na kamera wala kuufikia mto huo. Lakini baraka hiyo ilikuja na utegemezi. Picha ikifutwa katika ghala, makala za lugha zote zinabaki na nafasi tupu, na programu maalumu huja kuondoa kiungo kilichokufa. Mjadala wa kufuta picha kwa kawaida hukaa wazi kwa muda wa siku saba. Kanuni zinaruhusu kila lugha, ila karibu majadiliano yote hufanyika kwa Kiingereza. Mtu wa Tanga aliyepakia picha na asiyefungua ukurasa wake kwa juma moja huweza kurudi akakuta hukumu imekwisha kutolewa kwa lugha asiyoimudu. Hapa ndipo suala la leseni linapoacha kuwa la wanasheria peke yao na kuwa suala la lugha.

Huru, huria na bure

Kiingereza kina neno moja lenye maana mbili zilizowasumbua watetezi wa kazi huria kwa miaka mingi: lisilo na vizuizi na lisilo na bei. Kiswahili hakina tatizo hilo. Kina huru, kina huria, na kina bure. Wikipedia ya Kiswahili ilijiita kamusi elezo huru, na uteuzi huo una historia nyuma yake. Huru ni neno la mtu asiye mtumwa na, baada ya miaka ya 1960, la nchi isiyo koloni. Huria ni neno lililopata nguvu baadaye, katika soko huria la miaka ya 1980 na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, likimaanisha kitu kilicho wazi kwa yeyote anayetaka kuingia. Kwa picha zenye leseni, huria ndilo neno linaloelekea kufaa zaidi, kwani picha haikuwahi kuwa mtumwa. Iliwahi kuwa na mlango uliofungwa. Ama neno bure, hilo lina ila yake: kitu cha bure ni kisicholipiwa, na pia ni kisicho na faida. Anayemwambia mpiga picha wa Lamu atoe kazi yake bure asishangae akieleweka kwa maana zote mbili.

Tabu kubwa zaidi imo katika istilahi ya kazi ambazo muda wa hakimiliki yake umekwisha. Wengi wameitafsiri dhana hiyo kuwa mali ya umma. Tafsiri ni nyepesi kutamka, lakini inabeba historia ya Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la 1967. Katika lugha ya siasa na ya mahakama, mali ya umma ni mali ya serikali au ya shirika lake. Ina mlinzi, na anayeichukua ni mwizi. Katika sheria ya hakimiliki maana inageuka kinyume kabisa: kazi hiyo haina mwenyewe, na kila mtu anaweza kuichukua, kuikata, kuipaka rangi na kuiuza. Mwanafunzi anayesoma chini ya picha ya zamani kwamba ni mali ya umma ana sababu nzuri ya kudhani kwamba ameonywa asiiguse.

Kuna neno jingine la pwani ambalo halikutumiwa katika uwanja huu, nalo ni wakfu. Mwenye shamba, kisima au nyumba aliyeiweka wakfu hakuweza kuirudisha, na waliokusudiwa walinufaika nayo kizazi baada ya kizazi. Zanzibar na pwani ya Kenya zilikuwa na kamisheni za kusimamia mali hizo tangu enzi za ukoloni. Leseni ya Creative Commons inafanana na wakfu kwa jambo moja muhimu, kwamba haitanguki: mpiga picha akibadili mawazo baada ya mwaka, anaweza kuacha kuigawa picha mwenyewe, lakini hawezi kuwanyang'anya waliokwisha kuipata kwa leseni ile. Inatofautiana nayo kwa kuwa mtunzi hubaki na hakimiliki yake. Kufanana huku hakutoshi kulifanya wakfu kuwa istilahi, na pengine wenye dini watalikataa tendo hilo. Ila lingemfafanulia mzee wa Pemba maana ya leseni kwa sentensi moja, kazi ambayo mali ya umma haiiwezi.

Vitenzi, kwa upande wake, vilipatikana bila taabu. Kupakia na kupakua ni maneno ya jahazi na bandari, na kupakua ni kazi ya jikoni pia. Yaliingia katika kompyuta kana kwamba yaliandaliwa kwa kazi hiyo.

Nani aliipiga, lini, ilichapwa wapi?

Fomu ya kupakia picha humwuliza mtu maswali yanayoonekana mepesi: chanzo, mtunzi, tarehe, maelezo, leseni. Kwa picha aliyoipiga mwenyewe jana kwa simu yake, maswali hayo hujibiwa kwa dakika moja. Kwa picha ya zamani, kila swali ni utafiti.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa fasihi anayetaka kupakia picha ya Shaaban Robert (1909–1962). Picha ameiona kwenye jalada la kitabu, na kitabu ni chake. Mwanafunzi huyo mara nyingi huandika kwamba picha ni kazi yake mwenyewe, maana ni yeye aliyeipiga kwa simu kutoka kwenye jalada. Hasemi uongo kwa kadiri anavyofahamu. Lakini kuinakili picha hakumfanyi mtu kuwa mtunzi wake, na msimamizi wa ghala huifuta. Maswali ya kweli ni mengine. Aliyeipiga alikuwa fundi wa studio, ofisa wa serikali ya kikoloni, au rafiki? Alifariki lini? Picha ilichapwa kwa mara ya kwanza katika nchi gani?

Jibu la swali la mwisho hubadili sheria inayotumika. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Zanzibar ina sheria yake ya 2003, kwa kuwa jambo hili si la Muungano. Hivyo picha iliyochapwa kwanza Mji Mkongwe na iliyochapwa kwanza Kariakoo hazina sheria moja, ijapokuwa zina bendera moja. Kenya ina sheria ya 2001, ambayo huipa picha mnato ulinzi wa miaka 50 tangu kupigwa, kutolewa kwa umma au kuchapwa, kwa kufuata tukio lililo la mwisho. Juu ya yote hayo, ghala hutaka picha iwe huria katika nchi ya asili na vilevile Marekani, kwa sababu shirika linaloliendesha liko huko. Marekani, kwa sheria ya 1994 iliyoanza kuzihusu kazi nyingi za kigeni Januari 1996, ilirudisha ulinzi kwa kazi ambazo bado zilikuwa na hakimiliki kwao siku hiyo, na muda wake kwa kawaida ni miaka 95 tangu kuchapwa. Picha iliyokwisha muda wake Nairobi huweza kubaki chini ya ulinzi kwa miongo kadhaa katika nchi ambayo aliyepigwa hakupata kuikanyaga.

Mfano wa pili uko njia panda, katikati ya Dar es Salaam. Sanamu ya Askari iliwekwa hapo mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Hermann von Wissmann. Ina maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Anayeipiga picha leo anashughulika na hakimiliki mbili, yake mwenyewe na ya mchongaji. Mchongaji, James Alexander Stevenson, alifariki mwaka 1937, na kwa kipimo cha miaka 50 baada ya kifo, haki yake ilikwisha mwisho wa 1987. Kwa hiyo kizuizi hakipo. Lakini hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu jina na mwaka wa kifo wa mchongaji vilihifadhiwa. Askari wa shaba aliyesimama na bunduki pale juu, kama wale wa Dobbertin, hana jina.

Kanuni iliyoleta ugomvi mkubwa kuliko zote ni ile ya biashara. Mei 2005 mwanzilishi wa Wikipedia, Jimmy Wales, alitangaza kwamba picha zenye leseni ya matumizi yasiyo ya biashara tu, na zile zilizotolewa kwa idhini ya Wikipedia peke yake, hazitakubaliwa tena. Machi 2007 bodi ya Shirika la Wikimedia ikaifanya kanuni hiyo kuwa azimio la miradi yote. Wikipedia ya lugha fulani inaweza kujiwekea mlango mdogo wa picha zisizo huria kwa masharti makali. Ghala la pamoja haliwezi kabisa.

Hoja ya kanuni hiyo ni nzito. Kitabu cha kiada huuzwa, gazeti huuzwa, na mchapishaji mdogo wa Morogoro ni mfanyabiashara mbele ya sheria sawa na kampuni kubwa ya London. Leseni inayozuia biashara ingemfungia yeye kwanza, kwani kampuni kubwa ina mwanasheria na pesa ya kununua picha kwingine. Hoja ya upande wa pili nayo si nyepesi. Mpiga picha wa Ulaya aliyekwenda Zanzibar kwa mapumziko hapotezi kitu akitoa picha 200 za Forodhani kwa leseni huria. Mshahara wake unatoka kwingine. Mpiga picha wa Zanzibar anayeishi kwa kuuza picha zilezile hupoteza riziki akifanya vivyo hivyo. Matokeo yake ni kwamba pwani huelekea kuonekana katika ghala kwa jicho la mgeni: machweo, milango ya kuchonga, ufuo, na watoto wanaocheka. Kanuni ni sahihi, na gharama yake haikugawanywa sawasawa. Mambo yote mawili ni kweli.

Mashindano ya picha yalijaribu kuusawazisha mzani huo. Kenya ilishiriki mwaka 2012 katika shindano la picha za majengo na kumbukumbu za kihistoria. Mwaka 2014 likaanza shindano la Wiki Loves Africa, ambalo mada yake ya kwanza ilikuwa mapishi, ikifuatwa na mavazi mwaka 2015. Uteuzi wa mada hizi ulikuwa wa busara, kwani chakula hupigwa picha vizuri na yule anayekijua. Mgeni huona wali. Mwenyeji hutofautisha pilau na biriani, na anajua kuandika hivyo chini ya picha.

Maelezo yaliyo chini ya picha ndiyo yanayorudisha mjadala Koblenz. Bundesarchiv haikuyafuta maelezo ya Kijerumani yaliyokuja na picha zake. Iliyaacha kama ushahidi wa wakati wake, na kila ukurasa ukawekewa onyo kwamba maelezo hayo huenda yana makosa, upendeleo, au siasa kali. Wanamtandao walianza kusahihisha, na kukawa na ukurasa maalumu wa kuripoti makosa. Kwa upande wa pili, wahariri wa Wikipedia ya Kijerumani waliisaidia hifadhi kuunganisha orodha yake ya majina ya watu na makala zao. Waliofaidika na kazi hiyo ni wale waliokuwa na majina: majenerali, mawaziri, wanariadha. Aliyeandikwa kuwa askari tu hakuwa na uzi wa kumfungia. Mwaka 2010 Bundesarchiv ilisitisha utoaji wa picha mpya, ikitaja kazi iliyoongezeka na watumiaji wengi waliopuuza masharti ya leseni. Zilizokwisha kutolewa zilibaki.

Tofauti kati ya aliye na jina na asiye nalo haikuanzia kwenye kompyuta. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905, hutajwa kwa jina katika picha zake kokote zinakochapwa. Alikuwa na mali na watu, na aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili. Wapagazi waliomchukulia pembe hadi pwani nao waliingia katika picha za wasafiri, kwa hesabu ya mizigo.

Tangu Januari 2019 kila faili ya ghala ina nafasi ya maelezo mafupi katika lugha yoyote, Kiswahili kikiwamo, na hayo hayahitaji leseni ngumu wala idhini ya hifadhi. Jina la mtaa likijulikana, laweza kuandikwa hapo. Jina la ngoma, la vazi, la chombo cha baharini, ambalo Mjerumani wa 1910 aliliandika kama alivyolisikia, laweza kurekebishwa na anayelijua. Wajukuu wa waliopigwa picha wapo Tanga, Tabora, Songea na Kilwa, na baadhi yao huenda wakaitambua sura. Kazi hiyo haitegemei mwisho wa hakimiliki, lakini mwisho huo una tarehe. Dobbertin alifariki mwaka 1961, na Ujerumani huhesabu miaka 70 baada ya kifo. Kuanzia Januari 1, 2032, sheria ya Ujerumani haitamlazimisha tena mtu yeyote kulitaja jina la mpiga picha huyo.